Kuuvizia Moto kwa Eropleni

Kazi yangu ni kurusha eropleni ndogo juu ya misitu ya magharibi ya Marekani, katika majimbo ya Montana na Idaho, ili kuutafuta moto. Siifanyi mwaka mzima. Huandikwa kazi mwezi wa Juni, theluji inapokwisha kuyeyuka milimani, na mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua na baridi zirudipo, hulipwa mshahara wangu wa mwisho nikaenda zangu. Wengi hudhani kwamba rubani ni mtu wa kuchukua abiria kutoka mji huu mpaka mji ule. Mimi hutoka mahali nikarudi pale pale, wala sichukui mzigo wowote ila habari.

Kwanza lazima mjue misitu yenyewe. Miti yake iliyo mingi ni misonobari ya namna mbalimbali, mirefu, iliyonyoka, yenye majani membamba kama sindano na utomvu unaonukia vizuri na kuwaka vibaya. Wakati wa baridi milima hufunikwa na theluji yenye kina kuliko kimo cha mtu. Lakini ifikapo Julai theluji imekwisha, jua halitui mpaka karibu saa tatu na nusu za usiku, na majani yaliyopukutika kwa miaka mingi hukauka hata yakalia chini ya kiatu. Ndipo huja mawingu meusi wakati wa alasiri. Ngurumo husikika, umeme hupiga vilele vya milima, mvua yaonekana ikining'inia chini ya mawingu kama pazia. Lakini matone hukauka hewani kabla ya kufika chini. Watu wa huko huiita dhoruba kavu. Usiku mmoja wa dhoruba ya namna hiyo waweza kuwasha miti mingi katika mabonde yasiyo na nyumba wala njia.

Ninyi mmezoea moto wa nyika. Moto huo huja kwa vishindo, hula nyasi, hupita, na kesho yake watu hutembea juu ya jivu. Moto wa msitu una tabia nyingine. Umeme ukipiga mti mkavu, mara nyingi mti hautoi ndimi za moto. Moto huingia moyoni mwa mti au mizizini, ukakaa humo kimya kama mwizi aliyejificha darini. Waweza kukaa siku tatu, waweza kukaa majuma mawili na zaidi. Kisha siku moja jua huwa kali, upepo huvuma, nao hutoka nje. Kazi yangu ni kumwona mwizi huyo wakati ule ule anapotoa kichwa, kabla hajashuka ngazi.

Watu wa nchi hiyo walijifunza kwa msiba. Tarehe 20 na 21 Agosti, mwaka 1910, upepo mkali uliunganisha mioto mingi iliyokuwa ikiwaka huku na huku, na kwa siku mbili tu ziliungua eka zipatazo milioni 3. Watu wasiopungua 85 walikufa, na wengi wao walikuwa wazima moto. Karibu na mji wa Wallace, katika Idaho, msimamizi mmoja jina lake Ed Pulaski aliwaingiza watu wake, zaidi ya 40, katika shimo la machimbo ya madini, akasimama mlangoni na bastola mkononi ili mtu yeyote asikimbilie nje motoni. Walizimia wote kwa moshi. Asubuhi watano hawakuamka, lakini waliosalia walitoka wakiwa hai. Wazima moto wa leo wanacho chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, nacho huitwa pulaski kwa jina lake.

Baada ya msiba ule walijenga minara ya walinzi juu ya milima, na mwaka 1919 marubani wa jeshi walianza kuruka juu ya misitu ya California kuutafuta moshi. Siku hizo eropleni hazikuwa na simu ya upepo. Rubani akiona moshi aliandika barua akaiangusha chini, au alimfungua njiwa aliyemchukua, au alitua shambani akaenda kutafuta simu. Minara ilizidi mpaka ikawa maelfu. Leo mingi imebomoka, na ile yenye walinzi ni mia chache tu katika nchi nzima.

Wengine huniuliza, “Je, siku hizi hakuna setilaiti, na kamera zilizowekwa vileleni? Wewe wa nini tena?” Ni swali zuri. Setilaiti huona joto kubwa upesi kuliko mimi, na kamera hazilali. Lakini kamera haioni nyuma ya mlima, na moshi wa mti mmoja katika korongo lenye kina ni kitu kidogo sana kwa jicho lililo mbali hivyo. Tena chombo kikionapo jambo, bado yatakiwa mtu aende akatazame kama ni moto, au ni trekta likilima mahali pakavu.

Eropleni yangu ni Cessna 182. Ina mtambo mmoja na viti vinne, na mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo hayatuzuii kutazama chini. Mimi hukaa kiti cha kushoto, na kulia hukaa mwangalizi. Mwangalizi wangu ni mama mwenye umri kunipita sana, aliyekaa majira mengi peke yake katika mnara mlimani kabla hajaanza kuruka. Mimi huendesha, yeye hutazama. Mwanzo nilidhani kutazama ni kazi nyepesi. Sasa najua ya kuwa katika eropleni ile yeye ndiye fundi, na mimi ni dereva wake.

Alinifundisha kwamba jicho halioni likitangatanga. Hugawa nchi mafungu mafungu, akatazama fungu moja kwa utulivu toka mbali hata karibu, ndipo ahamie lingine. Asubuhi baada ya mvua kidogo, ukungu huinuka mabondeni katika nyuzi nyembamba zinazofanana kabisa na moshi. Wazee wa kazi huziita mbwa wa maji, na vijana wengi wameita wazima moto kwa ajili ya mbwa hao. Yeye husema, “Ngoja. Mbwa wa maji huondoka juu ikipanda. Moshi haumwogopi jua.” Vumbi la njia huinuka kwa mstari na kutawanyika, moshi una shina, hata ukitazama mara mia, shina liko pale pale. Rangi nayo hunena. Moshi mweupe mara nyingi hutoka katika nyasi au vitu vyenye maji. Moshi mweusi mzito hutoka katika miti yenye utomvu mwingi, na ukiugeuka kuwa mweusi ghafula, jua ya kuwa moto umepanda kutoka chini mpaka vileleni mwa miti. Habari hiyo haingoji.

Tukiisha kuuona moshi, tunauzunguka, nasi tunapeleka habari kwa simu ya upepo: mahali penyewe kwa vipimo vya ramani, ukubwa wake, unakula nini, uko chini ya mlima au katikati au juu, mteremko unaelekea wapi, upepo watoka wapi, maji yako wapi, na kama kuna watu au nyumba karibu. Mkubwa wa kituo ndiye aamuaye. Aweza kutuma watu kwa miguu, au kwa helikopta, au eropleni kubwa zinazomwaga maji mekundu yaliyochanganywa na chumvi za mbolea ili majani yasishike moto upesi. Aweza kutuma pia wale warukao kwa miavuli. Wawili wa kwanza walirukia moto katika Idaho tarehe 12 Julai, 1940, nao ni Rufus Robinson na Earl Cooley, na kazi hiyo yafanywa hata leo.

Kuruka milimani kuna sheria zake, nami nitataja mbili tu. Usiingie korongo kutoka chini ukielekea juu, maana mlima waweza kupanda upesi kuliko eropleni yako, na korongo likiwa jembamba huwezi kugeuka. Ingia kutoka juu, ukishuka, ili njia ya kutokea iwe mbele yako. Na ukitaka kuvuka mgongo wa mlima, usiuendee uso kwa uso. Uendee kwa ubavu, ili upepo unaoporomoka upande wa pili ukikusukuma chini, ugeuke nusu tu na kukimbia. Siku ya joto lazima uzishike sheria hizo zaidi, kwa sababu hewa yenye joto ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kushika, na mtambo nao hupungukiwa na nguvu.

Sasa nitaeleza habari ya siku moja ya mwezi wa Agosti.

Usiku uliotangulia kulikuwa na dhoruba kavu. Asubuhi warukaji wanane waliteremshwa kwa miavuli kuuzima moto mdogo kwenye mteremko wa bonde jembamba, mbali na njia zote. Sisi tuliondoka saa saba za mchana, tukiwa na petroli ya karibu saa tano. Tulizunguka mabonde mengine kwanza, tukapeleka habari za mioshi miwili mipya, kisha tukaambiwa tukae juu ya wale wanane. Sababu ni kwamba mlima uliokuwa nyuma yao ulizuia simu zao ndogo zisifike kituoni. Basi waliponena, sauti yao ilifika kwetu tu, nasi tuliirudia kwa kituo; na kituo kilipojibu, tuliwarudishia. Tulikuwa kama mtoto atumwaye baina ya nyumba mbili.

Saa kumi na dakika kumi kituo kilitangaza kwamba upepo wa baridi, mkavu, unakuja kutoka magharibi. Niliwapa warukaji habari hiyo. Msimamizi wao alijibu, “Tumesikia. Tunamaliza kukata mstari upande wa chini.” Sauti yake ilikuwa ya mtu atwetaye, lakini haikuwa na hofu.

Hapo nilitazama petroli. Ilibaki ya saa moja na nusu. Kurudi nyumbani ni dakika 40, na sheria yetu yataka nusu saa ibaki tangini wakati wa kutua. Kwa hiyo nilikuwa na dakika 20 tu za kukaa. Niliomba eropleni nyingine ije kushika nafasi yetu. Wakanijibu kwamba iko njiani, itafika baada ya dakika 35.

Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili aweza kuifanya, nayo haikuwa nzuri. Kukaa mpaka tangi likauke ni upumbavu, maana eropleni iliyoanguka haipelekei mtu habari. Kuondoka ni kuwaacha watu wanane bila sauti kwa robo saa nzima, na robo saa hiyo ndiyo ile ile ambayo upepo ulikuwa ukija. Lakini katika bonde la pili, mwendo wa dakika 12, palikuwa na uwanja mdogo wa majani. Hapana petroli huko, hapana nyumba. Kuna uwanja tu. Tukitua pale hatutaweza kuondoka mpaka tuletewe petroli, lakini tutakuwa na dakika 48 za kukaa juu ya bonde badala ya 20. Nilimwambia mwenzangu, “Mama, tukikaa, tutalala nje.” Akasema, “Nina biskuti. Zunguka.”

Basi nikapunguza nguvu ya mtambo ili unywe kidogo, nikazunguka.

Upepo ulifika saa kumi na nusu na dakika kadhaa. Sikuusikia kwanza, niliuona. Moshi uliokuwa umesimama wima kama mlingoti uliinama, ukalala juu ya mgongo wa mlima, kisha eropleni ikaanza kutupwatupwa. Kwa muda mikono yangu haikuwa na kazi nyingine ila usukani. Mwenzangu hakuacha kutazama. Alisema kwa sauti ile ile aliyoitumia asubuhi kuniomba maji, “Chini yao. Kushoto kwa jiwe jeupe. Mpya.”

Nilitazama nikaona moshi mdogo mweupe, mpana kama kitambaa cha mkono, kati ya watu wale na kijito. Cheche ilikuwa imechukuliwa na upepo ikaruka mstari wao, ikaanguka chini katika nyasi kavu. Walipokuwa wao, miti iliwazuia kuuona. Na lazima mjue ya kuwa moto ulio chini ya mteremko hupanda upesi sana, kwa sababu joto lake hutangulia mbele na kukausha kila kitu kabla ya ndimi kufika. Hapana mtu awezaye kushindana nao kwa mbio akipanda mlima.

Kila mtu wa kazi hii ajua habari za Mann Gulch katika Montana. Tarehe 5 Agosti, 1949, wazima moto 16 walikuwa wakishuka bondeni kuelekea mto Missouri, na moto ulikuwa umekwisha kuruka mbele yao bila wao kujua. Walipouona waligeuka kupanda. Msimamizi wao, Wagner Dodge, aliwasha moto wa pili mbele yake, akalala katika jivu lake, moto mkubwa ukampita. Aliwaita wenzake waingie naye. Hawakumwelewa, au hawakumsikia. Watu 13 walikufa. Waliopona ni Dodge na vijana wawili waliofika juu kwa mbio.

Niliwaita. Nilisema, “Moto mpya uko chini yenu, kati yenu na kijito, hatua kama mia tatu. Umewaka sasa hivi, nao unakua.” Kulikuwa na kimya. Kisha msimamizi akauliza, “Juu yetu kukoje?” Mwenzangu alikuwa amekwisha kutazama, akanionyesha kwa kidole. Nilijibu, “Juu yenu, upande wa kulia, kuna mahali palipoungua pote, peusi, papana, hapana ndimi.” Akasema, “Twaenda huko,” basi, hakusema neno jingine.

Wazima moto wa huko huvaa mashati ya manjano, na sababu yake nimeiona kwa macho yangu. Tuliyahesabu mashati yakitoka mitini na kuingia katika weusi ule: moja, mawili, matano, saba. La nane halikuonekana. Nilizunguka tena, nikijua ya kuwa bawa litaninyima kuona kwa muda wa nusu ya mzunguko, na nusu ile ilikuwa ndefu kupita nusu zote nilizopata kuzunguka. Moshi wa chini ulikuwa umekwisha kuwa mweusi. Tulipogeuka, mwenzangu akasema, “Nane.” Alikuwa ndiye msimamizi, aliyekaa nyuma ya watu wake wote.

Moto ulipanda ukapita kando zao. Wao walikaa katika jivu, wamefunika nyuso, na kila dakika chache msimamizi alisema neno moja tu katika simu, nami nikalirudia kwa kituo. Eropleni ya pili ilipofika nilimkabidhi rubani wake kazi, nikaenda kwenye uwanja wa majani. Upepo ulivuma sawasawa na uwanja, haukukata kando, na kwa hilo nilishukuru. Tulilala chini ya bawa. Biskuti zilikuwa sita. Asubuhi tuliletewa petroli katika madebe, tukasikia kwamba wanane wamechukuliwa na helikopta, na mmoja ameteguka kifundo cha mguu. Hakuna jeraha jingine.

Moto wenyewe haukuzimwa. Zamani amri ilikuwa nyingine: tangu mwaka 1935 kila moto ulitakiwa uwe umeshindwa kabla ya saa nne za asubuhi ya pili yake. Amri hiyo iliachwa mwaka 1978, kwa sababu wataalamu waliona kwamba misitu isiyoungua kamwe hujikusanyia kuni nyingi, na siku iungapo huungua vibaya zaidi. Kuna namna ya msonobari ambao matunda yake magumu mengi yamefungwa kwa utomvu, hayafunguki kuangusha mbegu mpaka yapate joto la moto. Basi moto ulio mbali na watu, siku hizi mara nyingine huachwa ule, nasi hupewa kazi ya kuulinda tu. Mwenzangu hapendi. Hukunja uso kila tunapouzunguka moto ulioachwa, kama mwalimu aliyeambiwa asimrudi mtoto mtundu. Mimi naona wataalamu wana haki, lakini katika eropleni simwambii.

Ule wa bondeni uliendelea kufuka moshi mpaka katikati ya Septemba. Kila siku tulipita juu yake nikaandika katika daftari: unafuka, umepungua, unafuka. Kisha usiku mmoja theluji ikaanguka vileleni, na asubuhi bonde zima lilikuwa jeupe, ila doa moja jeusi lenye mvuke. Tuliuzunguka mara mbili. Baada ya siku nne niliifunga eropleni kwa kamba, nikarudisha funguo na ramani, na mama yule akanipa mkono, akaniuliza kama mwezi wa Juni nitarudi. Wakati wa baridi hufundisha watu kurusha eropleni, katika uwanja ulio tambarare.